Anayekushinda kila kitu bado ana sababu ya kufanya biashara na wewe (hesabu hii hapa)

#1 mleta_mada

Wakuu habari zenu.

Mjadala wowote wa biashara kati ya nchi na nchi ukianza, haupiti muda atatokea wa kusema: "Wale wanatushinda kila kitu. Wana mashine, wana wataalamu, wana mtaji. Sisi tutawauzia nini?" Na hajamaliza, anadakia mwingine: "Wale wanalipa ujira wa kutupa, nani ataweza kushindana nao?" Mmoja anamwogopa mwenye nguvu, mwingine anamwogopa mnyonge. Kuna siku nilisikia hoja zote mbili kinywani mwa mtu mmoja, tena ndani ya dakika kumi.

Wote wawili wanauliza nani hodari. Wasichouliza ni hiki: ukitengeneza kitu hiki, unaacha kutengeneza nini?

Naweka hesabu ndogo, mwenye kalamu anifuate.

Maseremala wawili, tuwaite Mwepesi na Mzito. Kila mmoja anafanya kazi saa 48 kwa wiki. Mwepesi kiti kinamchukua saa 2, meza saa 4. Mzito kiti kinamchukua saa 6, na meza saa 6 vilevile. Kwa hiyo Mwepesi anamzidi mwenzake kwenye viti mara tatu, na kwenye meza mara moja na nusu. Mzito hana hata kazi moja ya kujivunia.

Kila mtu akijitegemea na kugawa wiki yake nusu kwa nusu, Mwepesi anatoa viti 12 na meza 6. Mzito anatoa viti 4 na meza 4. Jumla yao ni viti 16 na meza 10.

Sasa tazama kinachoachwa. Mwepesi akitumia saa 4 kwenye meza moja, saa hizo zingempa viti 2. Mzito akitumia saa 6 kwenye meza moja, saa hizo zingempa kiti 1 tu. Yaani meza ya Mwepesi imekula viti viwili, ya Mzito imekula kimoja. Mwenye meza rahisi ni Mzito, huyo huyo anayejikongoja.

Basi Mzito aachie viti kabisa, atengeneze meza wiki nzima: meza 8. Mwepesi atengeneze meza 2 (saa 8), saa 40 zilizobaki aziweke kwenye viti: viti 20. Jumla: viti 20, meza 10.

Meza ni zilezile 10. Viti vimeongezeka 4. Hakuna aliyeongeza saa, hakuna aliyenunua mashine, hakuna aliyejifunza mbinu mpya. Wamepangana tu.

Kile unachokiacha ili upate kingine ndiyo gharama ya fursa. Na yule ambaye gharama yake ya fursa ni ndogo kwenye kitu fulani ndiye mwenye faida linganishi kwenye kitu hicho, hata kama mwenzake anakitengeneza haraka zaidi. Huwezi kuwa na faida linganishi kwenye vitu vyote viwili. Kama kwako meza ina gharama ndogo kwa viti, lazima kiti kwako kiwe na gharama kubwa kwa meza. Ni sehemu ileile imegeuzwa juu chini. Kwa hiyo, mradi uwiano wenu haulingani, hata mzembe kuliko wote duniani ana kitu chake.

Mwanauchumi Adam Smith mwaka 1776 alishaeleza kwamba watu wakigawana kazi wanazalisha zaidi, lakini mifano yake ilikuwa ya yule anayekuzidi hapa na wewe unamzidi pale. Mwanauchumi mwingine, Robert Torrens, aligusa hili la kuzidiwa kote mwaka 1815. David Ricardo, dalali wa hisa wa London aliyejifundisha uchumi, akaliweka kwa tarakimu mwaka 1817. Uingereza: kitambaa kinahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka, divai watu 120. Ureno: kitambaa watu 90, divai watu 80. Ureno inashinda kote. Lakini Uingereza ikitoa kitambaa cha watu 100 na kupokea divai ambayo ingeihitaji watu 120, imeokoa kazi ya watu 20. Ureno ikitoa divai ya watu 80 na kupokea kitambaa ambacho kingeihitaji watu 90, imeokoa kazi ya watu 10.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hesabu.

#2 fundi_mbao

Mkuu, nimefuatilia kwa kalamu, viti vinne nimeviona. Swali langu ni dogo: anavichukua nani? Maana hapo juu umejumlisha vya wote kwenye kapu moja kama vile hawa ni ndugu wa tumbo moja.

#3 mleta_mada

Swali lako siyo dogo, ndilo lenyewe.

Inategemea bei, na bei ina mipaka. Mwepesi hatakubali kulipa zaidi ya viti 2 kwa meza moja, kwa sababu kwa viti 2 anajitengenezea mwenyewe. Mzito hatakubali chini ya kiti 1, kwa sababu hiyohiyo. Bei yoyote kati ya kiti 1 na viti 2 inawafaa wote.

Chukua katikati, meza moja kwa kiti kimoja na nusu. Mzito anatoa meza 4 anapokea viti 6. Anabaki na meza 4 na viti 6. Zamani alikuwa na meza 4 na viti 4. Mwepesi ana meza 2 zake na 4 alizonunua, jumla 6 kama zamani, na viti 14 badala ya 12. Wamegawana viwili viwili.

Sasa shusha bei iwe kiti kimoja na robo. Kwa meza zilezile 4 Mzito anapata viti 5. Yeye kaongeza kiti 1, Mwepesi kaongeza 3. Wote wamefaidika, lakini mmoja kafaidika mara tatu ya mwenzake.

Ricardo hakutuambia bei inasimama wapi hapo katikati. Aliyeliziba pengo hilo ni mwanauchumi John Stuart Mill, kwenye maandiko yake ya mwaka 1844 na 1848: inategemea nani ana hamu zaidi na bidhaa ya mwenzake. Mwenye hamu kubwa anasogezwa ukutani. Kwa hiyo mtu akikwambia "biashara inawafaidisha wote", amesema kweli, ila bado hajakwambia nani anakula mnofu na nani anapata mchuzi.

#4 msomaji_kimya

Mimi hapo kwenye ujira ndipo panaponisumbua. Umesema anayelalamikia ujira mdogo wa wenzake anakosea. Lakini kama kiwanda cha kule kinalipa nusu ya cha huku, mwenye kiwanda ana akili gani ya kubaki huku?

#5 mleta_mada

Turudi kwa mafundi, maana ujira umo humohumo ndani, ni kuusoma tu.

Kwa bei ya kiti kimoja na nusu, Mzito kwa saa 6 anapata thamani ya kiti kimoja na nusu, yaani robo kiti kwa saa. Mwepesi anapata nusu kiti kwa saa. Ujira wa Mzito ni nusu ya ujira wa mwenzake. Je, ameonewa? Tija yake, yaani kazi anayoitoa kwa saa, kwenye viti ni theluthi moja ya Mwepesi, na kwenye meza ni theluthi mbili. Nusu ipo katikati ya theluthi moja na theluthi mbili, na ni lazima iwe humo.

Jaribu kuitoa nje uone. Mzito akidai alipwe sawa na Mwepesi, nusu kiti kwa saa, meza yake ya saa 6 itauzwa viti 3. Mwepesi anajitengenezea kwa viti 2. Mzito hauzi kitu. Upande wa pili, ujira wa Mzito ukishuka chini ya theluthi, viti vyake navyo vitakuwa rahisi kuliko vya Mwepesi, kila mtu atakimbilia kwake, kazi zitamzidi, na ujira utapanda.

Kwa hiyo ujira mdogo kule mara nyingi ni kivuli cha tija ndogo. Mwenye kiwanda anayehama kwa sababu ya ujira wa nusu atakuta na kazi inayotoka kwa saa nayo ni pungufu. Na kabla hawajaanza kuuziana, Mzito alikuwa anapata kiti kimoja kwa saa 6, theluthi moja ya Mwepesi. Biashara imempandisha kutoka theluthi hadi nusu. Ukimkataza kuuza ili "kumwokoa na unyonyaji", umemrudisha kwenye theluthi.

Kuna tundu hapo, nakiri. Hesabu inasimama pale ambapo tija inabaki na watu wake. Mtaji ukihama na mashine zake, tija inahama nayo, na hesabu ni nyingine. Nadhani kuna mtu atakuja kulisema hili kwa ukali zaidi.

#6 mwalimu_jioni

Mleta mada, umepita haraka kwenye gharama ya fursa ukakimbilia biashara ya nchi. Naomba nirudi nyuma, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata wenye vyeti.

Mwaka 2005, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wanauchumi wa Marekani, watafiti wawili waliwapa wenzao karibu 200 swali la kitabu cha mwaka wa kwanza. Umeshinda tiketi ya bure ya onyesho la muziki, na tiketi hiyo haiuziki. Usiku huohuo mwanamuziki mwingine ana onyesho, na hilo ndilo ungeliendea kama si hili. Tiketi yake ni dola 40, na wewe kwa kawaida uko tayari kulipa hadi dola 50 kumwona. Gharama ya fursa ya kwenda kwenye onyesho la bure ni kiasi gani: sifuri, 10, 40 au 50?

Jibu ni dola 10. Ukienda kwenye la bure unaacha burudani ambayo kwako ina thamani ya 50, lakini pia unaacha kulipa 40. Ulichopoteza ni tofauti. Waliopata walikuwa asilimia 21.6. Majibu yalikuwa manne ya kuchagua, kwa hiyo mtu akifumba macho na kuweka kidole popote ana asilimia 25. Wanauchumi walishindwa na kidole.

Wapo waliobisha baadaye kwamba swali lenyewe limekaa kimtego. Sawa. Lakini funzo lake ninalitumia darasani kila mara: gharama ya fursa ni ya chaguo moja bora uliloliacha, si jumla ya yote uliyoyaacha, na unahesabu kilichobaki baada ya kutoa ambacho ungelipia. Mtu anayesema "ningeweza kulala, kusoma, kucheza na kufanya kazi, kwa hiyo nimepoteza vyote vinne" anajidanganya. Saa ni moja, angefanya kimoja.

Na kinyume chake: kilichokwishatumika hakimo kabisa. Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuunda ndege ya Concorde mwaka 1962. Gharama zikapanda mwaka hadi mwaka, na kila walipofikiria kuacha, hoja ilikuwa tumeshatumia nyingi mno kuachia njiani. Ndege ilianza kubeba abiria mwaka 1976, na zilizofanya kazi kwenye mashirika ya ndege zilikuwa 14 tu, saba kila nchi. Fedha iliyokwishazama hairudi ukiendelea wala ukiacha. Swali la haki lilikuwa: fedha inayofuata, na wahandisi hawa, wangefanya nini kingine?

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa jeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilikuwa inaandikisha vijana kwa lazima na kuwalipa kidogo. Kwenye vitabu vya serikali jeshi la lazima lilionekana rahisi. Tume iliyoongozwa na Thomas Gates, ambayo mwanauchumi Milton Friedman alikuwa mjumbe wake, ikatoa ripoti mwaka 1970: gharama ya askari ni kile ambacho angekizalisha akiwa uraiani. Fundi mitambo akivishwa gwanda, nchi imempoteza fundi mitambo, umlipe au usimlipe. Kumlipa kidogo hakupunguzi gharama, kunaihamisha tu kutoka kwa mlipa kodi kwenda kwa kijana mwenyewe. Ni kodi isiyoandikwa popote. Uandikishaji wa lazima ulisitishwa mwaka 1973. Sababu za kisiasa zilikuwepo na zilikuwa nzito, lakini hoja hii ilikuwa mezani.

Nimemaliza, endeleeni na divai yenu.

#7 fundi_mbao

Mwalimu, huo mfano wa jeshi umenikamata. Ina maana chochote serikali inachokitumia "bure", ardhi yake, majengo yake, kina gharama ambayo haionekani kwenye bajeti?

#8 mwalimu_jioni

Ndiyo. Jengo la serikali lililokaa kwenye kiwanja cha thamani kubwa linagharimu kodi ya pango ambayo lingeingiza, kila mwezi, hata kama hakuna hundi inayoandikwa. Vivyo hivyo mwenye biashara anayefanyia kazi nyumbani kwake bila kujilipa mshahara, kisha anasema amepata faida.

#9 mpinzani_wa_soko

Nimesoma yote kwa subira. Sasa sikilizeni upande ambao vitabu vya utangulizi huwa vinauruka.

Kwanza, huo mfano wa Uingereza na Ureno. Biashara ile haikuzaliwa na faida linganishi. Ilizaliwa na mkataba wa Methuen wa mwaka 1703: Ureno ifungue soko lake kwa vitambaa vya sufu vya Uingereza, na Uingereza itoze divai ya Ureno ushuru usiozidi theluthi mbili ya unaotozwa divai ya Ufaransa. Hapo soko huru liko wapi? Waingereza walikunywa divai ya Ureno kwa miaka zaidi ya mia kwa sababu ya Ufaransa kuadhibiwa kwa ushuru.

Pili, Ricardo mwenyewe aliandika sharti lake, na ni lile ulilolinong'ona kule juu. Alisema wazi kwamba kama mtaji ungeweza kuhama kirahisi, wenye mali wa Uingereza wangenufaika kuhamishia divai na kitambaa vyote Ureno, ambako vyote vilihitaji watu wachache. Hesabu ya faida linganishi inafanya kazi kwa sababu alichukulia kwamba matajiri hawapendi kupeleka mali zao ugenini. Leo mtaji unahama kabla hujamaliza kunywa chai. Mnamnukuu mtu bila sharti lake.

Tatu, hesabu ni picha ya siku moja. Saa 2, saa 4, saa 6, zimeshuka kutoka mbinguni? Mzito akitengeneza meza tu kwa miaka ishirini, viti atavijua lini? Wanauchumi Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, wote mwaka 1950, walionyesha kwamba bei za mazao ghafi kwa kipindi kirefu zilikuwa zinashuka zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani. Aliyeambiwa faida yake linganishi ni kuuza malighafi, amepewa ngazi inayozama.

Nne, Korea Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kiwanda kikubwa cha chuma. Haikuwa na madini ya chuma ya kutosha, haikuwa na mtaji, haikuwa na ujuzi. Benki ya Dunia ilikataa kukopesha kwa maelezo kwamba mradi haulipi. Kwa hesabu yako, mkuu, Benki ya Dunia ilikuwa sahihi asilimia mia. Wakorea wakachukua fedha za fidia kutoka Japani, kampuni ya POSCO ikaanzishwa 1968, tanuru likawashwa 1973, na leo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani. Gharama ya fursa ya kuisikiliza ile benki ingekuwa kiasi gani?

#10 mleta_mada

Karibu, nilikuwa nakusubiri wewe.

La Methuen nakubali bila kubisha. Lakini Ricardo alichukua divai na kitambaa kama mfano wa hesabu. Tarakimu zake ni za kubuni. Ukibomoa historia ya mfano, hesabu bado imesimama.

Kama unataka historia ya kweli, iko ya Japani. Kwa zaidi ya miaka mia mbili ilijifungia karibu kabisa. Mwaka 1859 bandari zikafunguliwa kwa shinikizo la mataifa ya nje, na mikataba ile iliibana isiweze kuweka ushuru mkubwa. Ni kama mtu aliamua kufanya jaribio la maabara: nchi isiyofanya biashara, kisha inafanya, ndani ya miaka michache, na kumbukumbu za bei zipo. Wanauchumi Daniel Bernhofen na John Brown wakazipekua. Hariri ilikuwa rahisi Japani kabla ya kufunguliwa ikilinganishwa na nje, na hariri ndiyo iliyotoka kwa wingi. Kwa jumla, kilichouzwa nje ni kile ambacho nadharia ingetabiri.

Lakini sasa nisikilize na upande wa pili, maana hapa mashabiki wa soko huria huwa wananyamaza. Walipokadiria faida yenyewe, walipata kwamba haikuzidi asilimia 8 hadi 9 ya pato la taifa. Nchi imetoka kifungoni, faida yake ni hiyo. Marekani nayo mwaka 1807 ilijifungia yenyewe, Rais Jefferson alipozuia meli zisiende nje. Makadirio ya mwanauchumi Douglas Irwin ni kwamba hasara ilikuwa kama asilimia 5 ya pato. Ni fedha nyingi, na watu waliumia. Lakini hakuna nchi iliyotoka umaskini kwenda utajiri kwa asilimia 8. Mapinduzi ya tija, kumfanya Mzito atengeneze kiti kwa saa 2, yanazidisha mara tatu. Anayekuuzia biashara huria kama dawa ya umaskini anaitwisha hesabu ya Ricardo mzigo ambao haikuahidi kuubeba.

Kwa hiyo kwenye Korea tunakaribiana kuliko unavyodhani. Hesabu inakwambia leo, kwa saa ulizonazo, nini kina gharama ndogo. Haikwambii saa hizo zitabadilikaje. Ila usisahau upande mwingine wa Korea: kile chuma kilitengeneza meli na magari ya kuuza nje, na kampuni zilizopewa mikopo nafuu zilibanwa zionyeshe mauzo ya nje. Nchi nyingi zililinda viwanda vyao bila sharti hilo, na viwanda vikazeeka vikiwa bado vichanga. Aliyelinda na akafaulu tunamjua kwa jina. Waliolinda wakafeli ni wengi, ndiyo maana hawatajwi.

Kuhusu mtaji kuhama, hoja yako ni nzito na sitaipunguza. Mtaji ukihama pamoja na ujuzi, kinachobaki cha kulinganisha ni vitu visivyohama: ardhi, hali ya hewa, taasisi, watu wenyewe. Faida linganishi haifi, lakini nani anaivuna ni hadithi nyingine kabisa.

#11 dada_mizani

Mnabishana kuhusu nchi kama vile nchi ni mtu. Mwepesi ni mtu mmoja. Akiacha meza akaenda kwenye viti, ni mikono ileile. Ndani ya nchi, anayeacha meza ni mtu mwingine na anayeongeza viti ni mtu mwingine.

Mtu mwenye miaka hamsini aliyeshona nguo maisha yake yote hawi mhandisi wa programu kwa sababu gharama ya fursa imesema hivyo. Wanauchumi Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walionyesha mwaka 1941, kwa hesabu safi kabisa, kwamba biashara inaweza kuongeza pato la nchi na wakati huohuo kushusha kipato halisi cha kundi zima. Si kwa muda mfupi tu, hata baada ya mambo kutulia.

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Wanauchumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walichapisha utafiti mwaka 2013: maeneo ya Marekani ambayo viwanda vyake vilishindana na bidhaa za China yalipata ukosefu mkubwa zaidi wa ajira na ujira ulishuka. Vitabu vilisema watu watahama kufuata kazi. Hawakuhama kiasi hicho. Mtu ana nyumba ambayo thamani yake imeanguka pamoja na kiwanda, ana wazazi, ana watoto shuleni. Haya ni maisha ya watu, siyo saa 48 za kugawa.

Jibu la kawaida ni kwamba waliofaidika wanaweza kuwafidia walioumia na bado wakabaki na faida. Wanaweza. Marekani ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1962, wakati wa Rais Kennedy, wa kuwasaidia wafanyakazi walioumizwa na bidhaa za nje. Ulikuwa mdogo kwa ukubwa wa jeraha, na mwaka 2022 muda wake wa kisheria uliachwa uishe kwa waombaji wapya.

Na Ricardo alijua haya. Hakuwa anapigania divai. Alikuwa anapigania kuondolewa kwa Sheria za Nafaka za 1815 zilizozuia ngano ya nje, na alijua fika nani angeumia zikiondolewa: wamiliki wa ardhi. Ndiyo hasa alichotaka. Sheria zilifutwa mwaka 1846, yeye akiwa kaburini tangu 1823. Mtu aliyejua anamnyang'anya nani ili ampe nani leo anasomwa kama vile alisema kila mtu atapata.

#12 msomaji_kimya

Dada umemaliza. Ila nina moja la mwisho kwa mleta mada, la hesabu tupu. Tuseme Mwepesi anakwenda kusoma, anarudi na mbinu mpya, meza sasa anaitengeneza kwa saa 2. Mzito hajabadilika. Mzito anapata nini?

#13 mleta_mada

Anapoteza, na hajakosea popote.

Mwepesi sasa kiti saa 2, meza saa 2. Meza moja kwake inakula kiti 1. Kwa Mzito pia inakula kiti 1. Uwiano umelingana, na uwiano ukilingana hakuna bei inayowafaa wote wawili, hata kama mmoja bado anamzidi mwenzake mara tatu kila mahali. Biashara inakufa yenyewe bila ushuru wala marufuku. Mzito anarudi kwenye meza zake 4 na viti vyake 4, na vile viti viwili vya ziada vimeyeyuka. Samuelson alilieleza hili mwaka 2004 akiwa na miaka karibu tisini, akiwaambia wenzake kwamba China ikiwa hodari kwenye kile kile ambacho Marekani inauza, Marekani inaweza kupoteza moja kwa moja. Ni yuleyule Samuelson ambaye, alipoulizwa na mwanahisabati Stanislaw Ulam ataje jambo moja kwenye sayansi za jamii ambalo ni kweli na si la wazi kwa kila mtu, alijibu faida linganishi.

Sasa geuza. Mwepesi aendelee na meza kwa saa 4, mbinu mpya iwe ya viti, kiti kwa saa 1. Meza yake sasa inakula viti 4. Bei inaweza kusimama popote kati ya kiti 1 na viti 4, na Mzito, bila kujifunza chochote, anaweza kuuza meza moja kwa viti vitatu.

#14 fundi_mbao

Kwa hiyo Mzito asiombe Mwepesi abaki mjinga. Aombe asome kozi ya viti.

#15 mleta_mada

Au asome yeye mwenyewe ya meza, kwa haraka, kabla mwenzake hajajiandikisha.